Macho Yanasema Tunatembea, Masikio Yanakataa

Katika nafasi hii tulikuwa tumepanga kuandika juu ya zamu za kuteka maji. Hayo yatangoja toleo lijalo. Kuna jambo limetokea katika uwanja wetu, wote mliliona au mlilisikia, na maneno yaliyofuata yamekuwa mabaya kuliko jambo lenyewe.

Mnakumbuka siku ya mgeni. Alikuja na miwani mbili kubwa nyeusi, zinazofunika macho kabisa, pamoja na vijiti vya kushika mikononi. Akatuambia kwamba watu wawili wakizivaa wataonana ndani ya nyumba ambayo haiko mahali popote duniani, watasalimiana, watatembea pamoja. Wavulana watatu wa kwanza walivaa wakasimama tu, wakageuza vichwa huku na huku, wakacheka. Halafu wakaitwa dada mmoja na kaka mmoja. Kaka alionyeshwa namna ya kuruka: unaelekeza kijiti mahali, unaachilia kidole, na mara moja uko pale. Dada alionyeshwa namna ya kutembea: unasukuma kijiti kwa kidole gumba, na nyumba inaanza kukupita polepole. Yeye alikuwa ameketi kwenye kiti. Dakika tano hazikuisha. Alitoka jasho baridi, akapiga kelele moja, akavua miwani, akatapika mbele ya watu wote.

Hapo midomo ikafunguka. "Ni pepo imemupanda," wakasema waliokuwa chini ya mwembe. "Pepo gani? Iko na mimba huyu," wakasema wengine. Kufika jioni neno la mimba lilikuwa limekwisha kufika sokoni Baraka, na kesho yake lilikuwa nyumbani kwao. Dada huyo hakuja masomoni siku nne. Nasi tuliokuwa na filimbi mkononi siku ile tuliipiga kwa ajili ya mstari tu, kwa ajili ya maneno hatukuipiga. Mmoja wetu alicheka. Tunaandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Basi tulimwendea mwalimu wa biolojia, tukasoma pia, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na ziwa, maana miwani ni ya wachache lakini ziwa ni la wote. Ghuba yetu ya Baraka imekingwa na rasi ya Ubwari, na mawimbi yake si makubwa sana. Ukiisha kutoka nje ya ghuba kwa boti, kwenda Uvira au kwenda Kalemie, ziwa linakuwa jingine. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita zaidi ya 670, kwa hiyo upepo wa kusini wa kiangazi unapata nafasi ndefu ya kusukuma maji kabla ya kutufikia sisi. Wazazi wengi hapa Fizi walirudi kutoka kambi za Tanzania kwa meli kutoka Kigoma, kuanzia mwaka 2005, na wengine wanasema kwamba katika safari ile hawakuona ziwa wala milima, waliona ndoo tu.

Lakini mwangalie vizuri nani anaumwa zaidi katika boti. Ni yule aliyeshuka chini kati ya magunia, akajifunika kitenge kichwani, akajisemea, nisipoona maji sitaogopa. Huyo ndiye wa kwanza kutapika. Yule aliyekaa juu akitazama milima ya Ubwari anaumwa kidogo, au haumwi kabisa. Kama ugonjwa ungekuwa woga, ingekuwa kinyume chake, maana anayeona mawimbi ndiye angetetemeka.

Sababu iko ndani ya sikio. Sikio si la kusikia tu. Ndani kabisa, nyuma ya ngoma ya sikio, mna mifereji mitatu midogo iliyopindwa kama nusu duara, imejaa maji. Kila mfereji unaelekea upande wake. Kichwa kikigeuka, mfereji unageuka pamoja nacho, lakini maji yaliyomo yanachelewa, na vinywele vidogo ndani vinainama. Ndipo ubongo unapata habari: tumegeuka. Mnaweza kuona jambo hili kwa kopo la chai yenye majani. Geuzeni kopo haraka: kopo linazunguka, majani yanabaki yalipokuwa. Endeleeni kuzungusha, na chai itafuata. Sasa simamisheni kopo: chai bado inazunguka. Ndiyo maana watoto wakizunguka mara kumi halafu wakasimama, wanaona kanisa zima linazunguka. Maji ya masikio yao hayajasimama. Karibu na mifereji hiyo kuna pia vijiwe vidogo sana vilivyolala juu ya utando laini. Hivyo vinapima kwenda mbele, kurudi nyuma, kupanda na kushuka, na pia upande gani ni chini.

Mwaka 1882 Mmarekani mmoja, William James, alitaka kuhakikisha jambo hili. Alikusanya habari za viziwi zaidi ya 500 waliozungushwa ili kuona kama watapata kizunguzungu. Zaidi ya 180 hawakupata hata kidogo. Katika wanafunzi karibu 200 wa chuo chake wanaosikia vizuri, alikuwepo mmoja tu wa namna hiyo. Kwa viziwi wale, ugonjwa ulioua kusikia uliua na mifereji pia. Aliyepoteza mifereji hiyo hatapiki ziwani. Hii tunaandika ili yule anayesema "pepo" atuambie kwa nini pepo huyo anaogopa viziwi.

Sasa ubongo uko na mashahidi wawili, macho na sikio (miguu na ngozi pia wanatoa ushahidi, lakini tuwaache). Kila siku wanasema neno moja. Ukitembea kutoka bwenini kwenda klasi, macho yanaona miti ikipita, na sikio linasikia hatua. Lakini kati ya magunia macho yanasema, "Tumetulia, gunia haliendi popote," na sikio linasema, "Tunapanda, tunashuka, tunapinda." Mashahidi wamegombana. James Reason na J. J. Brand waliandika kitabu kizima juu ya ugomvi huo mwaka 1975, na mpaka leo wengi wanaufuata.

Mtauliza, wakigombana macho na masikio, tumbo liko na kosa gani? Nasi tuliuliza hivyo. Mwaka 1977 mtaalamu mmoja, Michel Treisman, alitoa wazo ambalo wengi wanalipenda ingawa si lazima kila mtu alikubali. Alisema kwamba zamani za kale, kabla ya meli na magari, kitu kilichoweza kuchanganya macho na masikio kwa ghafula kilikuwa ni sumu. Mtu amekula jani baya au uyoga mbaya, anaanza kuona dunia inayumba. Mwili uliojua kutapika haraka ulipona. Basi hata leo, macho na masikio yakipingana, mwili unadhani tumekula sumu na unafungua mlango. Sisi wala bukari tunaelewa: mama zetu hawalowi muhogo mchungu siku kadhaa kwa mchezo, wanajua kilichomo. Dada yetu hakula sumu siku ile. Ila mwili wake ulidhani hivyo, ukafanya kazi yake kama ulivyoumbwa.

Maana katika miwani ugomvi ni uleule, umegeuzwa tu. Ndani ya boti sikio linasema tunakwenda na macho yanakataa. Ndani ya miwani macho yanasema tunakwenda, nyumba inapita, mlango unakaribia, na sikio linasema, "Mimi niko kwenye kiti, sijaondoka." Wavulana watatu wa kwanza hawakuwa hodari kuliko dada. Walisimama na kugeuza vichwa vyao wenyewe, basi picha iligeuka pamoja na sikio, na mashahidi walipatana. Kama wangepewa kutembea kwa kidole gumba wakiwa wameketi, tungehitaji ndoo tatu.

Miwani hizi si za jana. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland alitengeneza chombo cha kuvaa kichwani, kizito hata ikabidi kishikwe kutoka darini. Miaka mingi vitu hivyo vilibaki katika maabara. Mwaka 2012 kijana mmoja wa Marekani, Palmer Luckey, alianza kuchangisha pesa kwa miwani yake Oculus, na mwaka 2014 kampuni ya Facebook, ambayo leo inaitwa Meta, ikainunua kwa dola bilioni 2. Watanzania wanaita ulimwengu wa namna hii uhalisia pepe. Tafadhali wasomaji: pepe, kama katika barua pepe. Si pepo!

Mwili unaoonekana humo ndani badala ya mwili wako unaitwa avatari. Neno linatoka katika lugha ya kale ya Wahindi, maana yake kushuka, nao walilitumia kwa mungu anayeshuka duniani. Hapa ni jina la sanamu tu. Miwani inajua vitu vitatu juu yako: kichwa kiko wapi, na mikono miwili iko wapi. Kiwiko, kiuno na miguu inakisia. Ndiyo maana avatari za Meta zilikaa miaka bila miguu, zikielea kama moshi kutoka kiunoni, mpaka mwaka 2023 zilipoanza kupewa. Mwanzoni sisi tuliona ni uvivu. Lakini mguu uliokisiwa vibaya, ukiinama chini ukauona unapinda pahali ambapo wako haupindi, unasumbua kuliko kukosa mguu.

Kwanza kabisa watengenezaji walipigana na kuchelewa. Ukigeuza kichwa, picha lazima igeuke papo hapo. Wanatafuta kuchelewa kusipite karibu sehemu 20 za elfu moja ya sekunde. Sinema inaonyesha picha 24 kwa sekunde, lakini miwani hizi zinaonyesha 72 au 90 na zaidi. Chombo kikiwa dhaifu, picha inavutwa nyuma ya kichwa kama mbuzi anayekataa kamba, na mtu anaumwa hata kama amesimama.

Halafu inakuja shida ya kutembea yenyewe. Chumba chako kiko na kuta nne, ulimwengu wa ndani hauna mwisho. Utafikaje mbali? Kusukuma kijiti na kuteleza ndiyo njia inayofanana zaidi na kutembea, na ndiyo inayotapisha zaidi. Wengine wamejaribu kuipoza. Mwaka 2016 Ajoy Fernandes na Steven Feiner wa chuo kikuu cha Columbia, New York, walionyesha kwamba ukifunika pembe za picha kwa giza wakati mtu anapoteleza, kisha ukaifungua anaposimama, anaumwa kidogo. Ni kama kutazama kupitia mwanzi. Inasaidia kwa sababu pembe za macho ndizo zinazosikia sana mwendo. Jaribuni katika kamyo: mkitazama barabara mbele sana mnatulia, mkitazama majani ya kando yanayopita mbio mnachoka. Mwaka mmoja kabla yao, watu wa chuo cha Purdue walichora pua katikati ya picha, pua tu, na watu wakavumilia muda mrefu zaidi. Tulicheka tuliposoma. Lakini fumbeni jicho moja sasa hivi: pua yenu iko pale, inaonekana siku zote, nayo haitikisiki.

Kugeuka nako ni hivyohivyo. Badala ya kugeuka polepole, programu nyingi zinamgeuza mtu kwa kukata, digrii 30 au 45 kwa mara moja, tak! Macho hayapati muda wa kuona mwendo, basi hayana ushahidi wa kutoa.

Na njia ya kaka yetu, kuruka, ndiyo hiyohiyo ikitumika kwa safari nzima. Hakuna kuteleza, kwa hiyo hakuna ugomvi. Ndiyo maana yeye alitoka akicheka, akajisifu mpaka usiku kwamba wanaume hawatapiki. Kaka, ulipewa njia rahisi!

Lakini hapa ndipo tunapofika kwenye kelele ile. Dada yetu alipotusimulia baadaye, alisema kichefuchefu kilikuwa kimeanza, ila alikuwa anavumilia. Kilichompigisha kelele ni kwamba mwenzake alikuwa mlangoni, akapotea, na palepale akatokea mbele ya uso wake, karibu na pua. Kaka hakufanya makusudi. Yeye kwake alikuwa anasogea tu ili waongee. Njia iliyomfaa yeye ilimwumiza aliyemtazama.

Katika ulimwengu wa mtu mmoja, shida inakwisha ukiruka. Katika ulimwengu wa watu wengi, mwendo wako ni picha machoni pa mwingine. Ukiteleza, wengine wanakuona ukija vizuri kama mtu, na wewe unaumwa. Ukiruka, wewe umepona, na wengine wanaona jirani anayepotea na kutokea kama mchawi wa hadithi. Hawajui anaelekea wapi, hawawezi kumpisha wala kutembea naye wakiongea. Na kutembea pamoja mkiongea, nani hajui kwamba ndiyo nusu ya urafiki? Hatukwendi Fizi kwa miguu kwa kurukaruka.

Katika VRChat, mahali ambapo watu wengi hukutana kwa miwani hizi, walitafuta njia ya katikati. Ukisukuma kijiti, macho yako yanabaki yalipo, hayasogei. Ni avatari yako inayokutoka na kutembea mbele, nawe unaiona mgongoni ikienda, kama mtu anayemtuma mdogo wake. Wengine wanaiona ikitembea kawaida. Ukiachilia kijiti, macho yako yanarukia pale iliposimama. Kwa hiyo wewe umeruka, na kwa wengine umetembea. Kwa maoni yetu hii ndiyo akili kubwa kuliko zote tulizosoma, hata kama ni ajabu kuona mgongo wako ukiondoka bila wewe.

Ukaribu nao umewasumbua. Mwishoni mwa mwaka 2021 mwanamke mmoja aliyekuwa anajaribu ulimwengu wa Meta, Horizon Worlds, alilalamika kwamba avatari ya mgeni ilimshikashika. Wengine walisema, lakini si mwili, ni picha. Mwili wake haukuguswa, kweli, lakini macho ni shahidi mkubwa, na moyo ulikwisha kupiga. Mwezi wa 2 mwaka 2022 Meta iliweka mpaka kuzunguka kila avatari, ili mbili zisikaribiane kuliko kama mita moja na robo. Ukijaribu kupita, mwendo wako unakatika. Mpaka kama huo ungekuwepo siku ile, kaka angesimama hatua moja mbali.

Bado kuna jambo moja kuhusu wasichana, na tunaomba wavulana wasome polepole. Ilijulikana kwamba wanawake wengi wanaumwa na miwani hizi kuliko wanaume, na watu wakasema ni maumbile. Mwaka 2020 Kay Stanney na wenzake wa Marekani walipima tena, wakaona sababu kubwa ni miwani yenyewe. Kila mtu ana umbali wake kati ya jicho na jicho, na vioo vya miwani lazima viwe na umbali huohuo. Vioo vilikuwa havisogei vya kutosha kufikia macho ya wanawake wengi, ambayo kwa kawaida yako karibu zaidi. Miwani ilipowakaa sawasawa, tofauti kati yao na wanaume ilikuwa karibu kupotea. Siku ile hakuna aliyepima macho ya dada. Miwani ilitoka kichwani mwa mvulana mkubwa ikaingia kwake hivyohivyo.

Tena aliketi wakati picha ilikuwa inatembea, na hakuwa na giza pembeni. Alikuwa hajala tangu asubuhi, kulikuwa na joto, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kuvua wakati wowote. Sababu ni nyingi. Mimba haimo.

Mwili unajifunza, hilo pia ni kweli. Watoto wa Ubwari wanaolala katika mitumbwi ya ndagala hawatapiki, na dereva wa kamyo hatapiki, kwa kuwa mikono yake inajua shimo kabla halijafika. Mwaka 1991 watafiti Rolnick na Lubow waliwaweka watu wawili wawili katika mwendo mmoja, mmoja anaongoza na mwingine anachukuliwa tu. Aliyeongoza aliumwa kidogo. Lakini hakuna anayejifunza kwa kulazimishwa kuendelea akiwa amekwisha kuanza kutoka jasho. Anavua, anapumzika, anarudi siku nyingine kwa dakika mbili au tatu.

Mgeni ametuma habari kwamba atapita tena kabla ya likizo, na bwana Prefe amekubali kwa masharti. Kila mtu atapimiwa vioo kwanza. Wote wataanza kwa kuruka, wamesimama, mwenzao mmoja akiwa karibu kuwashika. Ndoo itakuwepo, na atakayeitumia hatatajwa na mtu. Sisi wa filimbi tutasimama upande wa mwembe safari hii. Majina yanaandikwa kwetu baada ya ibada ya asubuhi. La kwanza katika orodha ni la dada mwenyewe, aliyeomba jambo moja tu: kaka yule apewe kijiti cha kuteleza.